Komini ni ya nani? Swali hilo ndilo lilitupoteza

 

Leo naandika juu ya neno moja ambalo ukilitamka hapa kambini watu wananyamaza kwanza, wanaangalia nani amekaa karibu, ndipo wanajibu polepole. Neno lenyewe ni Minembwe. Si Minembwe kama mahali tu, ila "komini ya Minembwe".

Wiki mbili zilizopita, baada ya mazoezi ya mpira, tulikaa kama kawaida kuongea. Mmoja akasema: "Ile komini ilikuwa yetu, waliifuta juu hawatutaki." Mwenzake akamjibu: "Yenu namna gani? Ile ni ardhi yetu ilikatwa bila sisi kujua." Hao wawili wanacheza namba moja nyuma, mmoja kushoto mwingine kulia, na wanachajia simu kwa sola moja. Dakika tano hazikupita, hatukuwa tena kwenye komini. Tulikuwa kwenye babu ya nani alifika wa kwanza. Mmoja akachukua viatu vyake akaondoka. Mimi ndiye ninayeshikaka daftari la kikundi, na siku hiyo sikuandika kitu wala sikusema kitu. Nimeona haya tangu siku ile. Njo maana naandika.

Sitawaambia kabila langu. Wanaonijua wanajua. Usiyenijua, soma kwanza, utakisia baadaye.

Kwa wasiofika kule: Minembwe iko katika nyanda za juu za Kivu ya Kusini, ndani ya teritwari ya Fizi, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni baridi, ni majani, ni ng'ombe, mahindi, maharagwe na viazi. Kuna kiwanja kidogo cha ndege cha udongo, lakini barabara ya kuaminika hakuna. Ukitaka chumvi, sabuni au dawa, mtu anashuka kwa miguu kuelekea ziwa, halafu anapanda tena. Wanaoishi nyanda hizo ni Banyamulenge, Babembe, Bafuliru, Banyindu na wengine. Sisi wote tulioko hapa Nakivale, na wenzetu walioko Nyarugusu, Burundi, Rwanda na Kakuma, tunatoka katika milima ileile na vijiji vinavyoonana kwa moshi wa jiko.

Sasa komini ilitoka wapi? Nitaweka tarehe, juu ya uongo mwingi katika simu zetu hauna tarehe.

Mwaka 1999, wakati wa vita, harakati ya RCD iliyokuwa inatawala mashariki kwa msaada wa Rwanda iliifanya Minembwe kuwa teritwari. Vita vilipoisha, teritwari hiyo ikafutwa. Tarehe 13 Juni 2013, Waziri Mkuu Matata Ponyo akatia sahihi amri iliyopandisha senta nyingi za Kivu ya Kusini kuwa miji au komini. Minembwe ilikuwa moja tu katika orodha hiyo. Miaka ikapita, watu wengi hata hawakujua kama kuna karatasi ya namna hiyo. Halafu tarehe 28 Septemba 2020, waziri wa ugatuzi, Azarias Ruberwa, akapanda Minembwe na wageni wakubwa, kumsimika meya wa komini. Kelele ikawaka Bukavu, Uvira, Kinshasa, hadi Ulaya. Tarehe 8 Oktoba 2020, Rais Tshisekedi akiwa Goma akatangaza kwamba amefuta, na kwamba tume ya wataalamu itaangalia mambo ya mipaka.

Hesabu mwenyewe. Kutoka tarehe 28 Septemba mpaka 8 Oktoba ni siku kumi.

Siku ya kwanza kuna waliocheza ngoma na kuna waliolia. Siku ya kumi waliokuwa wanalia wakacheza, waliocheza wakalia. Lakini niulize: kati ya siku hizo mbili, ni siku gani mkulima wa kule juu aliulizwa? Ni siku gani ramani ilibandikwa mahali watu wanaweza kuiona? Mimi naona sherehe ile na tangazo lile ni makosa ya namna moja. Mmoja alitoa kutoka juu, mwingine akanyang'anya kutoka juu. Sisi tulishangilia au tulilia kufuatana na kabila, kama watu wanaotazama mpira, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa uwanjani.

Huo ndio wazo langu lote, na yaliyobaki ni kulieleza. Tulipigana juu ya swali "komini ni ya nani?" Hatukuuliza "komini inafanya nini, na nani anaichagua?" Swali la kwanza halina jibu lisilo na damu. Swali la pili lina jibu, na limeandikwa katika sheria za nchi yetu.

Nimejaribu kuisoma sheria hiyo, kwa shida, kwa Kifaransa changu cha kukimbilia. Katiba ya 2006 inasema komini ni moja ya ngazi zinazojitawala, pamoja na mji, sekta na usultani. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaeleza zaidi. Senta iliyo nje ya mji inaweza kuwa komini kama ina watu wasiopungua 20,000 na Waziri Mkuu ametoa amri. Komini inapaswa kuwa na baraza la madiwani waliochaguliwa na wananchi wenyewe. Madiwani hao ndio wanamchagua meya na naibu wake, nao wanasaidiwa na watu wawili wa kamati. Kazi zao ni za kila siku: soko, usafi, njia za ndani, visima, kuandika watoto wanaozaliwa na watu wanaokufa.

Umeona neno "kuchaguliwa"? Tangu Katiba hiyo ya 2006, uchaguzi wa kwanza wa madiwani wa komini ulifanyika tarehe 20 Desemba 2023, tena katika miji mikuu ya mikoa tu. Mahali kwingine, wanaoongoza komini wamewekwa kwa uteuzi. Maana yake, ile komini tuliyoigombania kule juu haikuwahi kuwa na diwani hata mmoja aliyepigiwa kura. Si Mubembe, si Munyamulenge, si Mufuliru, si Munyindu. Tulitukanana juu ya nyumba ambayo bado haijawekwa mlango.

Kuna na pesa. Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yabaki katika mkoa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba asilimia 40 ya sehemu hiyo ya mkoa iteremke kwa ngazi za chini, yaani miji, komini, sekta na usultani. Fanya hesabu ya mtoto wa shule: katika franka 100, mkoa unapata 40, na katika hizo 40, zinazotakiwa kufika chini ni 16. Uliza mzee yeyote aliyewahi kukaa karibu na ofisi ya sekta kama aliona hizo 16. Atacheka. Lakini nimekaa katika mabishano ya komini tangu nikiwa kijana mdogo, na sijasikia hata mara moja mtu akigombania hizo 16. Tunagombania jina kwenye kibao.

Sasa niwape ya kwangu, ili msidhani naongea ya vitabu.

Nilizaliwa huko juu, wakati wa mvua. Baba alingoja njia ikauke kidogo, akashuka siku mbili kwa miguu hadi ofisi moja ya serikali kutafuta karatasi yangu ya kuzaliwa. Aliambiwa amechelewa. Akaambiwa kuna dawa ya kuchelewa, na dawa yenyewe ni pesa. Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa ya chumvi na ya kulala njiani. Akarudi na chumvi. Alitembea siku nne kwenda na kurudi, na mimi nikabaki bila karatasi. Mpaka leo, karatasi yangu ya kwanza yenye jina langu na muhuri ni karatasi ya ukimbizi. Nchi ya kwanza kuandika kwamba mimi nipo si nchi yangu.

Siku zile baba hakuwa peke yake njiani. Alitembea na jirani yetu wa kabila lingine, naye alikuwa anatafuta karatasi ya mtoto wake. Naye alirudi mikono mitupu. Ile ofisi haikutupima pua wala lugha, ilitukosesha wote kwa haki sawa. Leo Kanuni ya Familia, baada ya kurekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 kumwandikisha mtoto. Ni vizuri. Lakini siku 90 zinamsaidia nini mama wa kule juu kama mwenye kitabu cha kuandika anakaa safari ya siku mbili, na njiani kuna vizuizi vya watu wenye silaha?

Hiyo ndiyo kazi ya komini ndogo ya mlimani. Kitabu, kalamu, muhuri, na mtu anayelipwa mshahara ili asiombe chumvi yako. Kama ingekuwa hivyo, sidhani kama baba na jirani yake wangeuliza ni ya nani. Wangeuliza inafunguliwa saa ngapi.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema: "Weye ni mtoto, au unajifanya hujui. Komini si kitabu na kalamu. Komini ni ardhi, na ardhi ni uhai." Ndugu yangu, najua. Sitaruka hapo, juu ukiruka hapo unaongopa.

Babembe, Bafuliru na Banyindu wana hofu ya kweli. Machifu wao wana mamlaka ya ardhi tangu zamani, na wanaona komini inaingia katikati na kuwakatia eneo bila kuwauliza. Wanakumbuka kwamba teritwari ya 1999 ililetwa na wenye bunduki. Wanakumbuka Kasika ya 1998 na Makobola, watu waliouawa mwaka ukiwa unaisha. Mtu aliyezika watu wake wakati huo, akisikia Minembwe inapandishwa cheo tena, hasikii habari ya visima.

Banyamulenge nao wana hofu ya kweli. Wameambiwa mara nyingi kwamba si Wakongomani, kwamba warudi kwao, na wakiuliza kwao ni wapi hawapewi jibu. Wanakumbuka Gatumba, tarehe 13 Agosti 2004, watu zaidi ya 150 waliouawa usiku wakiwa tayari ni wakimbizi. Mtu aliyepita hapo, akisikia komini imefutwa kwa neno moja, hasikii habari ya mipaka na wataalamu. Anasikia kwamba hata pale alipozaliwa hana pa kusimama.

Na tangu 2017 vita vimechoma vijiji vya makabila yote kule juu, na ng'ombe wameporwa hadi mtu aliyekuwa na zizi leo anapanga foleni ya mgao. Nani kati yetu hakupoteza? Kama unataka tushindane kwa makaburi, hakuna atakayeshinda, tutaongeza makaburi tu.

Ninachosema ni hiki: hofu zote mbili zinatoka kwenye jambo moja, yaani mamlaka inayokuja bila kuulizwa na bila kuelezwa. Mubembe anaogopa mpaka ambao hakuuona ukichorwa. Munyamulenge anaogopa uamuzi ambao hakuusikia ukijadiliwa. Dawa yao ni moja, ingawa wanaikunywa wakiwa wamepeana mgongo.

Na sisi wa kambini tumeshaionja dawa hiyo. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Hapa Uganda kila kijiji cha makazi ya wakimbizi kina kamati yake inayoitwa RWC. Inaanza na kijiji, inapanda hadi zoni, hadi makazi yote. Wakimbizi wenyewe ndio wanapiga kura. Si serikali kamili. Haina bajeti ya kujivunia, na neno la mwisho ni la ofisi ya Waziri Mkuu wa nchi iliyotupokea. Lakini angalieni kinachotendeka. Katika kijiji chetu tunaishi Wakongomani wa makabila yote niliyotaja, pamoja na Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Mwenyekiti wetu si wa kabila langu. Nilimpigia kura. Nilimpigia juu alikuwa anajua kuita mkutano na kuufunga kabla giza halijaingia, na juu alipokuwa katika kamati ya maji jerikani zilikuwa zinakaa kwa mstari, na za mke wake zilikuwa kwenye mstari huohuo. Kabla yake alikuwepo mwingine. Tulipoona huyu anafaa zaidi, tukabadilisha kwa kura, na yule wa zamani bado tunasalimiana naye.

Hakuna aliyeuliza: "RWC ni ya nani?" Tunauliza: "Mwenyekiti yuko wapi, bomba limekauka." Haya ni maongezi ya watu wenye serikali ya mtaa. Tumeyajifunza ukimbizini, juu ya ardhi isiyo yetu, kwa sababu hapa hakuna kabila letu hata moja linaloweza kusema ni mwenyeji. Kama tunaweza kumchagua mtu wa kabila lingine atugawie foleni ya maji Nakivale, ni nini kinatuzuia kule kwetu?

Mzee mmoja niliyemwonyesha maandishi haya alinijibu: "Mwanangu, kinachozuia ni kwamba hapa hamgombanii ardhi, na hapa polisi ni wa mwingine. Kule mwenye bunduki ndiye komini." Ana haki. Leo hii kule juu anayeamua ni mwenye silaha, na droni zinapita juu ya mashamba. Sijidanganyi kwamba madiwani kesho watakaa kwenye kiti. Lakini vita vyote vinaishiaga kwenye meza, na kwenye meza hiyo watakaa wakubwa wenye ramani zao mfukoni. Sisi vijana tukifika hapo na jibu la kelele tu, "irudishwe" au "isirudi kamwe", watatutumia kama walivyowatumia kaka zetu. Tukifika na masharti, angalau watalazimika kujibu.

Mimi sisemi komini irudi. Sisemi isirudi. Nasema iwe komini, iwe sekta, iwe kitu kingine watakachokiita, tusikubali bila mambo matatu.

Kwanza, mpaka uchorwe mchana. Watu wa vijiji vyote vya pembeni wawepo, pamoja na machifu, akina mama wanaolima huko na wachungaji wa ng'ombe wanaojua kila kijito. Ramani ibandikwe sokoni, kanisani na shuleni, kwa lugha tunayosoma. Watu wapewe muda wa kupinga na mahali pa kupeleka pingamizi. Ramani inayofichwa hata kama ni ya haki itaua watu.

Pili, asisimikwe mtu kabla ya kura. Kama usalama hauruhusu kura, basi atakayewekwa awe wa muda, aseme ni wa muda, na tarehe ya kumaliza iandikwe. Na kila jamii iwe na mtu ndani ya baraza, hata iliyo na watu wachache, juu kila mpaka utakaochorwa utamfanya mtu fulani kuwa mchache. Mchache wa hapa ni mwingi wa pale ng'ambo ya kilima. Ukimlinda wa kwako tu upande ulio na nguvu, jirani atamfanyia wa kwako vilevile upande wa pili. Sisi tulio nje nao tuhesabiwe. Baraza likichaguliwa wakati nusu ya watu wako kambini, litakuwa baraza la waliobahatika kubaki.

Tatu, kazi ya kwanza ya ofisi iwe vitabu: kitabu cha watoto, kitabu cha vifo, na kitabu cha mashamba na malisho ya waliokimbia, ili mtu akirudi asikute shamba lake lina mwenyewe mpya mwenye karatasi mpya. Na pesa zilizoteremka zisomwe hadharani kila miezi mitatu: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, kwa nini. Mtu akiona franka zake zimekuwa daraja, atapunguza kuuliza kabila la aliyejenga.

Sasa neno kwa wafanyakazi wa mashirika. Mnatuitaga kwenye semina za amani. Tunakuja, tunapata soda, tunaimba, tunashikana mikono, tunapigwa picha. Sikatai, soda ni nzuri. Lakini mara nyingi mnatuuliza jinsi ya kupendana, na sisi tunajua kupendana, ndiyo maana tunachajia simu kwa sola moja. Hatujui jinsi ya kuongoza kitu pamoja. Tuleteeni ile sheria ya 2008 kwa Kiswahili, hata kurasa kumi za maana tu. Tufundisheni kusoma bajeti. Tuwekeni, Mubembe na Munyamulenge na Mufuliru na Munyindu, tugawane pesa za kufikirika kati ya daraja na zahanati, tubishane mpaka tuafikiane. Na watoto wanaozaliwa hapa, tafadhali, hakikisheni kila mmoja anapata karatasi ya kuzaliwa yenye majina yaliyoandikwa sawasawa. Herufi moja iliyokosewa hapa, kule itakuwa sababu ya kumwambia yeye si wa hapo. Mnaiona ndogo kwenye kompyuta. Kule kwetu watu wamefukuzwa kwa vitu vidogo kuliko herufi.

Nirudi kwa wale wenzangu wawili. Bado hawaongei vizuri. Jumamosi walicheza, mmoja kushoto mwingine kulia, na walikuwa wanapeana mpira bila kuitana jina. Tulifungwa mawili.

Jumamosi ijayo nitakuja na daftari na kalamu. Sitaki mtu aseme lolote juu ya Minembwe kwa mdomo. Nitaomba kila mmoja aandike, kwenye kikaratasi kisicho na jina wala kabila, kazi moja tu ambayo angetaka ofisi ya kule kwao ifanye mwaka wa kwanza akirudi. Moja tu. Halafu nitavisoma vyote kwa sauti, na tutajaribu kukisia kipi kimeandikwa na kabila gani.

Cha kwangu nimeshakiandika. Nimeomba mtu mwenye kitabu cha kuandika watoto, akae mahali ambapo baba mwenye mtoto mchanga anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kabla mvua haijaanza.

Wa Nyarugusu, wa Kakuma, wa Burundi na wa Rwanda, fanyeni na nyinyi huko mliko, halafu mtuandikie. Tuko pamoja.

Ni mimi mwenzenu, mshika daftari, Nakivale.